Njia ya Misafara Ipite Katika Vitabu vya Skuli

Isikizya si mji mkubwa. Ni makao makuu ya Wilaya ya Uyui, katika Mkoa wa Tabora, na msomaji wetu wa Unguja au Pemba hana lawama ikiwa hajapata kulisikia jina hilo. Tulifika huko kwa shughuli za Chama, na kama ilivyo desturi ya wageni wa Chama, tulipelekwa kuiona skuli. Tulikaribishwa vizuri. Watoto wakaimba, mwalimu akaeleza upungufu wa madawati, na sisi tukasema maneno ambayo wageni husema. Kisha kijana mmoja wa darasa la tano alinyoosha mkono, akasimama, akatuamkia, halafu akauliza: "Samahani, wageni wetu. Mmesema mmetoka Zanzibar. Ndiko babu zetu walikopelekwa kuuzwa?"

Mwalimu aliona haya. Alitaka kumketisha, tukamwomba amwache. Tulimjibu yule kijana kwa maneno machache kuhusu ubeberu na udugu wa watu wa Muungano, naye akaketi kwa adabu. Lakini uso wake ulionyesha wazi kwamba hakujibiwa. Kwa hakika hakujibiwa. Njia nzima ya kurudi Tabora mjini tulilifikiri swali lile, na tukakiri baina yetu kwamba katika miaka yote ya kusoma, na mingine mingi ya kuwahutubia watu, hatukuwahi kuandaliwa kulijibu.

Tulipokuwa wadogo visiwani, "Mnyamwezi" lilikuwa jina la mtu aliyekuja kupalilia mashamba na kuchuma karafuu, akakaa ng'ambo, akafanya kazi ambazo wenyeji hawakuzipenda. Hatukuambiwa alitoka wapi wala kwa nini alijua njia ya kuja. Mtoto wa Isikizya anaijua Zanzibar kuwa soko la watumwa. Mtoto wa Unguja anaijua Tabora, akiijua kabisa, kuwa kituo cha gari moshi. Wote wawili ni raia wa Jamhuri moja, wataapa kwa Katiba moja, na mwisho wa Kidato cha Nne watatahiniwa na Baraza moja la Mitihani. Ila babu zao walijuana zaidi kuliko wanavyojuana wao, na hilo tunaliona kuwa jambo zito ambalo viongozi wa pande zote mbili hawana budi kulitazama.

Tuanze na ile njia yenyewe. Msafara uliotoka Bagamoyo ulifika Unyanyembe kwa muda wa miezi mitatu hivi, na kutoka hapo njia ziligawanyika: moja ikaenda Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara aliyekuwa na nyumba, bustani na ghala za bidhaa. Hawakuvumbua kitu. Walifika mahali palipokwisha kuwa na watu, bei, mikopo na mahakimu. Bidhaa kubwa ya njia hiyo ilikuwa pembe za ndovu, ambazo Ulaya na Marekani zilizitaka kwa ajili ya vinanda, vipini vya visu na mipira ya mchezo wa meza.

Na ni nani aliyezibeba? Hapa ndipo penye kosa kubwa tulilofunzwa sisi, na ambalo kijana wa Isikizya ameurithi mzigo wake. Tulifunzwa kwamba mtumwa alikamatwa bara, akatwishwa pembe, akafika pwani akauzwa pamoja na mzigo wake. Yako mambo ya namna hiyo yaliyotokea, na hatuyakanushi. Lakini kati ya Unyanyembe na pwani, wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi ya ujira. Walipatana malipo kwa vitambaa, shanga na waya wa shaba. Walibeba mzigo wa karibu frasila mbili. Walikuwa na viongozi wao, nyimbo zao na sheria zao za njiani. Na waliposhindwa kuelewana na tajiri waliitua mizigo wakakaa kitako, au wakaondoka. Wengi waliushika msimu: safari wakati wa kiangazi, kilimo wakati wa mvua. Kijana wa Unyamwezi ambaye hajaiona bahari alikuwa bado hajahesabiwa kuwa mtu mzima sawasawa. Hawa walikuwa wafanyakazi wa kwanza wa mshahara katika nchi yetu, kabla ya reli na kabla ya mkonge, na inashangaza kwamba Chama cha wakulima na wafanyakazi kimewapa nafasi ndogo hivyo katika masimulizi yake.

Utumwa nao ulikuwapo, na ulikuwa mkubwa. Wengi wa watu waliovushwa kuja Unguja na Pemba na kulimishwa mikarafuu walitoka upande wa Ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa. Wengine walitekwa Manyema, wakafikishwa Ujiji na Tabora, ambako wengi walibaki wakilima mashamba ya matajiri na ya watemi. Soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, Seyyid Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza. Hali yenyewe ya utumwa haikufutwa kisheria visiwani mpaka mwaka 1897, na Tanganyika mpaka mwaka 1922, chini ya Mwingereza huyohuyo aliyejisifu kwamba alikuja kuwakomboa watumwa. Kwa hiyo jibu tulilopaswa kumpa kijana yule ni refu. Baadhi ya babu zako huenda waliuzwa. Wengine walikuja Zanzibar kwa miguu yao, wakalipwa, wakarudi na nguo na baruti. Na huenda wako waliouza wenzao. Mtoto wa miaka 11 anaweza kuyaelewa hayo yakielezwa na mwalimu anayeyajua, wala hayatamdhuru. Kinachomdhuru ni kupewa kipande kimoja tu cha habari akaondoka nacho.

Wala wenzetu wa visiwani wasidhani kwamba somo hili ni la kuwafundisha watu wa bara pekee. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja na akafa Unguja mwaka 1905. Babaye, Muhammad bin Juma, alikaa Unyanyembe na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na masimulizi yale yalichapishwa. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya mtu kueleza maisha yake katika lugha yetu. Tumewauliza vijana kadhaa wa visiwani waliomaliza Kidato cha Sita kama wamepata kukisoma. Hakuna aliyekuwa amekisoma. Wamezisoma habari zake zilizoandikwa na Wazungu, zikafasiriwa, zikafupishwa, zikaandaliwa kwa ajili ya mtihani. Huyu ni mtu mwenye damu nyingi mikononi na akili nyingi kichwani, aliyesema kwa ulimi wetu, nasi tunamtafuta katika lugha za wengine!

Hapa tuwie radhi tukikumbuka chuo. Sisi tulisoma chuoni kabla ya kusoma skuli, na baadaye vyote kwa pamoja, asubuhi kimoja na mchana kingine. Chuoni tulichapwa, hilo halina siri. Lakini tulipokua kidogo tukaanza kusikiliza darsa za wakubwa, tuliona jambo ambalo skuli haikutufundisha. Mwalimu alipotaja habari yoyote, alitaja kwanza aliyeipokea, na aliyempokelea, na aliyetangulia huyo, silsila nzima mpaka mwanzo. Na mwanafunzi aliruhusiwa, bali alitakiwa, kuuliza: huyu alikuwa mkweli? Alikuwapo? Walionana? Skuli, kwa upande wake, ilitupa kitabu cha tarehe kisichosema kimepokea kwa nani. Kilisema tu. Nasi tukanakili ubaoni, tukajibu mtihani, tukafaulu, tukasahau.

Tunatoa mfano mmoja. Mwaka 1871 Stanley alikuwa Unyanyembe, akajiunga na Waarabu wa Tabora kumpiga vita Mirambo wa Urambo. Walishindwa vibaya, na Mirambo akauingia mji, akachoma sehemu yake. Katika maandishi ya mwaka huo Mirambo ni jambazi. Mwaka 1876 Stanley huyohuyo alionana na Mirambo, wakachanjiana udugu, na katika maandishi ya safari hiyo Mirambo ni bwana mkubwa mwenye hekima. Mirambo hakuwa amebadilika tabia. Aliyebadilika ni mpokezi, kwa sababu safari hii alihitaji njia. Mwanafunzi akiwekewa habari hizi mbili juu ya meza moja atajifunza historia kwa saa moja kuliko atakavyojifunza kwa mwaka mzima wa kukariri. Na akiongezewa ya tatu, kwamba Mirambo tunayemwita shujaa wa kupinga uonevu alikuwa na ruga-ruga waliochoma vijiji vya Wanyamwezi wenzao, atajua kwamba ushujaa nao una bei, na kwamba bei hiyo mara nyingi hulipwa na mtu asiye na jina.

Tuyatazame sasa mambo ya mitaala. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, nchi iliazimia kuondoa kasumba katika masomo, na kazi nzuri ilifanyika. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Kimambo na Temu, walitoa mwaka 1969 kitabu cha historia ya Tanzania kilichoanza na Watanzania wenyewe. Mwaka 1975 iliundwa kwa sheria taasisi ya mitaala ambayo leo ni Taasisi ya Elimu Tanzania. Katika Awamu ya Tano, iliyokoma Machi 2021, liliagizwa somo la Historia ya Tanzania, na baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 kutolewa toleo jipya mwaka 2023, somo hilo likawa Historia ya Tanzania na Maadili, la lazima, kwa Kiswahili, kuanzia darasa la tatu. Watoto wa darasa la tatu walianza nalo Januari 2024. Tunaliunga mkono bila kusitasita. Taifa lisilofundisha historia yake kwa lugha yake linawaachia wengine kazi hiyo.

Lakini elimu ya msingi si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake, ina Taasisi ya Elimu Zanzibar, ina mitaala yake, na hiyo ni haki yake kwa mujibu wa Katiba. Hatupendekezi iondolewe, wanaotutafuta ubaya wasituandikie barua juu ya hilo. Tunachosema ni kwamba mambo ya Muungano yanajumuisha elimu ya juu na Baraza la Mitihani, yaani mtoto huanza kwa vitabu viwili na humalizia kwa mtihani mmoja, na kati ya hapo hakuna mtu aliyekabidhiwa jukumu la kuhakikisha kwamba vitabu hivyo viwili vinafahamiana. Kitabu cha bara kikifika pwani husimama. Kitabu cha visiwani kikifika ufukweni husimama pia. Njia ya misafara, ambayo haikujua kusimama, imekatwa palepale walipoikata wakoloni mwaka 1890, Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Mwingereza na Tabora ikabaki katika fungu la Mjerumani. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliendelea kupambana na Wajerumani mpaka Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa. Akawasha baruti ajiangamize kuliko kushikwa. Je, ni skuli ngapi za Pemba zinamtaja Isike? Na ni skuli ngapi za Uyui zinazotaja kwamba Seyyid Khalid bin Barghash alipigwa mizinga ndani ya jumba lake na manowari za Kiingereza tarehe 27 Agosti 1896, vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia?

Yako maeneo ambayo ni magumu, na mtu wa Chama ndiye hasa anayepaswa kuyasema, kwa sababu akinyamaza yeye huonekana anaficha.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 ni msingi wa Zanzibar tunayoishi. Sisi tumelelewa katika imani hiyo na hatujaiacha. Lakini mtoto wa kisiwani huja skuli akiwa amekwisha kusikia habari nyumbani. Mmoja amesikia kwamba siku ile babu yake alipata eka tatu na utu. Mwingine amesikia kwamba siku ile babu yake hakurudi. Wameketi dawati moja. Mwalimu akisoma aya mbili za sifa akafunga kitabu, mtoto wa pili hatabishana naye; ataliweka moyoni, atakwenda kuuliza pengine, na huko pengine atapata majibu ambayo hatutayapenda. Mwalimu yule angeweza kuwapa wote wawili mambo yaliyothibiti: ardhi na mikarafuu vilikuwa mikononi mwa nani; ghasia za Juni 1961 ziliua watu 68; katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini ikapata viti 13 tu kati ya 31; uhuru wa Desemba 1963 ulikabidhiwa kwa waliopata viti. Hapo mtoto ataelewa kwa nini watu waliinuka. Kisha aambiwe pia kwamba watu wengi waliuawa, wengine wakakimbia nchi, na kwamba miongoni mwao walikuwamo wasio na kosa. Mapinduzi yenye sababu za haki hayaporomoki kwa kukiri machungu yake. Yanayoporomoka ni yale yanayolindwa kwa ukimya.

Rwanda, jirani zetu, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 walisimamisha kwanza ufundishaji wa historia skulini, kwa sababu historia iliyokuwa ikifundishwa ilikuwa sehemu ya ugonjwa. Hatujafika huko, na Inshallah hatutafika. Na kwa upande mwingine wako Wafaransa na Wajerumani, waliouana katika vita vitatu vikubwa kwa muda usiofika miaka 80, na ambao mwaka 2006 walitoa kitabu kimoja cha historia kwa skuli za sekondari za nchi zote mbili, maneno yaleyale, kwa Kifaransa huku na kwa Kijerumani kule. Ikiwa wao waliweza, sisi tulio na lugha moja, Katiba moja na Baraza moja la Mitihani tunashindwa na nini?

Jingine ni neno hilo "Maadili" lililounganishwa na historia. Nia yake tunaifahamu na ni njema. Vijana wanahitaji maadili, na wazee nao. Ila watu wa rika letu tulianza skuli somo la Siasa likifundishwa, na tukaendelea likiwa limeondoshwa, baada ya vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992. Tunakumbuka lilivyofundishwa. Tuliimba majina ya viongozi, miaka ya makongamano na shabaha za Azimio. Tulipata alama nzuri. Ukatuuliza leo kwa nini jambo fulani liliamuliwa na si jingine, wengi wetu tutatazamana. Historia ikigeuzwa kuwa mawaidha hupoteza nguvu zake zote mbili: haiwi historia, na mawaidha yake hayaingii.

Na Tabora yenyewe inao ushahidi. Januari 1958 Mkutano Mkuu wa TANU uliketi Tabora kuamua kama Chama kishiriki katika uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, tena kwa masharti ya elimu na kipato yaliyowaacha nje Waafrika walio wengi. Ulikuwa uchaguzi wa ubaguzi, mchana kweupe. Wajumbe wengi walifika wakiwa wameazimia kuukataa. Mwalimu Nyerere alisimama akawashawishi waukubali, kwa hoja kwamba kuususia kungewaachia wapinzani wa TANU uwanja mtupu. Ilibishaniwa kwa siku kadhaa. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda chama chake. Uchaguzi ulipofanyika, Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea waliounga mkono TANU walishinda. Vitabu vyetu husema kwamba uamuzi ulikuwa wa busara, na ulikuwa. Lakini mwanafunzi hapewi nafasi ya kukaa katika ule ukumbi kabla matokeo hayajajulikana, akasikiliza hoja za waliokataa, ambazo hazikuwa za kipumbavu hata kidogo. Angekaa humo angejifunza maadili ya Chama kuliko kwa kusoma orodha yake: kwamba viongozi walipingwa usoni, wakajibu kwa hoja, wakapiga kura, na aliyeshindwa akaenda zake bila kudhuriwa.

Tukiwa Tabora tulikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kuiona tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Imejengwa upya na inatunzwa kama makumbusho. Kuna miembe mikongwe njiani ambayo wenyeji husimulia kuwa ilianzia zama za misafara. Mtu akienda huko anaambiwa habari za Livingstone, na ni haki aambiwe. Lakini mahali pale pana habari nyingine ambayo sisi tunaiona kubwa zaidi. Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake wakaubeba. Oktoba mwaka huo walifika nao Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza Cameron, ambaye aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Walikuwa wamekwisha kuamua kumfikisha kwa watu wake, na hawakuona kwamba Mzungu aliyewakuta njiani alikuwa na mamlaka ya kuwabadilishia nia. Wakaubeba mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na kutoka hapo ukavushwa Zanzibar. Wengi wa wale waliokuwa chini ya mizigo hawajulikani majina yao. Kwa maoni yetu darasa la historia la Tanzania, bara na visiwani, lingeanzia katika tembe ile, na kwa watu hao.

Basi tunawaomba wanaohusika mambo yafuatayo, nayo si ya gharama kubwa. Taasisi ya Elimu Tanzania na Taasisi ya Elimu Zanzibar ziwe na jopo moja la kudumu la historia, ambalo litakubaliana juu ya sura chache za pamoja, zilezile neno kwa neno katika vitabu vya pande zote mbili: njia ya misafara, utumwa na mwisho wake, kukatwa kwa nchi na wakoloni, harakati za uhuru na Mapinduzi, na Muungano. Yaliyobaki kila upande uandike kwa kadiri unavyoona. Jopo hilo lisijazwe maofisa peke yao, wala lisijazwe sisi wa Chama; wawemo walimu wanaoshika chaki, na wawemo watu wa Nyaraka za Zanzibar na wa Nyaraka za Taifa, ambao wamekaa na karatasi hizo miaka mingi bila kuulizwa. Pamoja na vitabu, watoe mkusanyo mdogo wa maandishi ya asili: Tippu Tip kwa maneno yake, barua, mikataba, masimulizi ya wazee wa Uyui, Urambo, Donge na Makunduchi, kila moja likiandikwa limepokewa kwa nani na lini.

Walimu wafikiriwe pia. Mwalimu wa sekondari aliyejifunza historia kwa Kiingereza chuoni, akafundisha kwa Kiingereza miaka 15, leo anaagizwa aifundishe kwa Kiswahili. Anajua jambo lakini neno halimjii. Mmoja alituambia hapo Uyui kwamba mwanzoni alikuwa akiandaa somo usiku mzima akitafuta maneno tu, na kwamba tangu alipoyapata, wanafunzi wameanza kumuuliza maswali ambayo kwa miaka 15 hawakumuuliza. Alilalamika kidogo juu ya hilo. Sisi tulimpongeza. Lakini apewe kitabu cha mwalimu, apewe mafunzo, na likizo moja apelekwe Unguja. Na mwenzake wa Unguja aletwe Tabora. Nauli ya meli na ya gari moshi haizidi posho ya semina moja ya siku tatu katika hoteli, na waheshimiwa wanaosoma safu hii wanajua tunasema nini.

Watoto walioanza somo hili darasa la tatu mwaka 2024 wanafika darasa la sita mwaka 2027. Yule wa Isikizya atakuwa sekondari kabla ya hapo. Tulimwahidi mwalimu wake kwamba tutampelekea jibu lililo kamili zaidi la swali lake, na nakala ya gazeti hili itatumwa kwa basi, pamoja na kitabu cha Tippu Tip tulichokiazima kwa mzee mmoja wa Mji Mkongwe, ambaye ametuambia anakitaka kirudi.